Skima na Hamu ya Kutumia: Ninavyofanya Kazi na Mraibu

Tiba ya skima huchimba imani zilizoota utotoni, lakini mimi sianzi na utoto. Mtu akija akiwa bado ana arosto, yaani mwili unadai kilevi, mikono inatetemeka na usingizi hana, ukimwuliza habari za mama yake utavuna machozi tu. Mwili utulie kwanza. Kama ni pombe au vidonge vya jamii ya diazepamu, aachishwe chini ya daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua. Dodoso la skima nalo lingoje. Siku hizo kila jibu huwa jeusi.

Akishatulia, mweleze kwa ufupi: skima ni imani nzito kuhusu nafsi yake na watu, iliyoota pale mahitaji yake ya utotoni yalipokosa kutimizwa. Mwanasaikolojia Jeffrey Young wa Marekani aliorodhesha 18. Usimsomee zote, utamchosha! Chagua mbili tatu zinazomgusa: kuachwa, aibu ya kuwa na kasoro, kushindwa kujitawala.

Kisha chukueni tukio moja la matumizi. Nani alisema nini? Mwili ulikaza wapi? Ni maneno gani yalipita kichwani kabla ya hamu? Kijana mmoja alisisitiza kwamba alikunywa kwa uchovu. Tulipolirudia tukio polepole, kumbe mpenzi wake alikuwa kimya tangu asubuhi, naye akajiambia, "Huyu naye kaondoka." Hamu ilifuata hapo.

Sasa tafuta kilevi kinamfanyia kazi gani. Hapa usiharakishe, kwa sababu aibu ileile huzaa matumizi ya aina tatu. Mmoja hunywa ili asiihisi: anakwepa. Mwingine hutumia kokeini ajione mfalme: anafidia. Wa tatu hutumia kwa kuwa ameshajihukumu kuwa takataka: amesalimu amri. Ukimpa wa tatu mbinu za wa kwanza, mtazunguka tu.

Weka kiti kitupu, uzungumze na ile sehemu yake inayotaka kutumia. Iulize: unamlinda nani? Unaogopa nini ukipumzika? Usiitukane, imemfanyia kazi miaka mingi. Matusi yapo tayari kwenye sauti ya ndani tunayoiita Mzazi Mwadhibu, ile inayosema baada ya glasi moja, "Umeshaharibu, malizia chupa." Hiyo ndiyo ya kukabiliwa, na mwanzoni wewe mshauri ndiye unayeijibu kwa niaba yake.

Mpango wa kuzuia kurudia matumizi usiuache. Samuel Ball wa Chuo Kikuu cha Yale aliunganisha kazi ya skima na mpango huo katika tiba ya wiki 24, na majaribio yake hayakuonyesha kwamba inaushinda ushauri wa kawaida wa uraibu. Kwa hiyo kadi anayotoka nayo ina pande mbili: upande mmoja jibu lake kwa skima, kwa maneno yake mwenyewe, upande wa pili nani wa kumpigia na wapi asipite. Aisome kwa sauti kabla hajatoka. Sentensi anayoisoma kwa kigugumizi huwa ni yangu, tunaifuta.