Namna ya Kupima, Kupunguza na Kufidia Gesijoto za Kampuni

Kazi hii huharibika mapema pale kampuni inapokimbilia kununua hati za kaboni, yaani vyeti vya kulipia miradi ya wengine inayopunguza au kuondoa gesijoto, kabla haijajua yenyewe inazalisha kiasi gani cha gesi hizo zinazopasha dunia joto. Ninayoyaeleza hapa ni mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na muda mwingi huwa nautumia kwenye upimaji, kwa sababu kosa linalofanyika hapo huingia katika kila hesabu inayofuata.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Chagua mwaka wa msingi, yaani mwaka wa kawaida ambao miaka mingine italinganishwa nao, kisha amua ni majengo, magari na kampuni tanzu zipi zitakazohesabiwa. Mwongozo wa GHG Protocol, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, hugawa uzalishaji katika mafungu matatu: gesi zinazotoka kwenye magari na mitambo ya kampuni yenyewe, zile zinazotokana na umeme na joto la kununua, na nyingine zote, tangu malighafi hadi bidhaa inapotumiwa na kutupwa na mteja.

Hatua ya 2: Kusanya vipimo

Mwombe mhasibu stakabadhi za mafuta zinazoonyesha lita, pamoja na ankara za umeme zinazoonyesha kilowati-saa. Usitosheke na jumla ya fedha zilizolipwa, kwani bei hupanda na kushuka, ilhali lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksaidi. Jenereta iliyotumia lita 1,000 kwa mwaka imetoa tani 2.7 hivi. Kwa umeme, zidisha kilowati-saa kwa kigezo cha gridi inayokuhudumia, yaani kilo za kaboni dioksaidi zinazotoka kwa kila kilowati-saa ya mtandao huo wa umeme, maana umeme wa maji na ule wa makaa ya mawe havilingani hata kidogo.

Kisha mtafute fundi wa viyoyozi, ambaye wengi humsahau. Kilo za gesi alizojaza ndizo zilizovuja. Gesi ya R-410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule, kwa kipimo cha miaka 100. Kwa hiyo kilo 2 tu zilizojazwa ni sawa na tani 4, kupita dizeli yote ya ile jenereta.

Fungu la tatu ndilo gumu zaidi, na mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote. Anza na manunuzi makubwa na usafirishaji. Pasipo na vipimo, kadiria kwa kutumia fedha, lakini uandike waziwazi kuwa hayo ni makadirio, na mwaka unaofuata uwaombe wauzaji wakubwa takwimu zao.

Hatua ya 3: Punguza

Soma mita ya umeme usiku, wakati hakuna mtu kazini. Ikiwa bado inakimbia, zunguka jengo zima hadi ujue ni mashine gani inayokula umeme huo. Ziba mivujo ya gesi, unganisha safari za mizigo, halafu ndipo ufikirie uwekezaji mkubwa kama umeme wa jua. Lengo liwekwe kwa jumla ya tani zinazozalishwa. Kiwango cha mwaka 2021 cha Science Based Targets initiative, taasisi inayoweka vigezo vya malengo ya kampuni ya kupunguza gesijoto, kinazitaka kampuni nyingi zinazolenga sifuri halisi (kutoongeza gesijoto hewani kwa jumla) zipunguze angalau asilimia 90 ifikapo 2050, ndipo zishughulikie kiasi kidogo kilichobaki.

Hatua ya 4: Fidia kilichobaki

Hati moja huwakilisha tani moja. Kabla ya kulipa, uliza: je, mradi ungefanyika hata bila fedha hizi? Kama ni mradi wa misitu, miti ikiungua, nani atafidia? Je, ukataji umekomeshwa, au umehamia msitu wa jirani? Majibu yakiwa ya kukwepa, usinunue. Ukishanunua, hakikisha hati zimefutwa, yaani zimeandikwa kuwa zimeshatumika, kwenye rejista ya shirika linalosajili hati, kama Verra au Gold Standard, kwa namba zake na kwa jina la kampuni yako, kwa kuwa hati isiyofutwa inaweza kuuzwa tena. Katika ripoti, andika kwanza tani zote zilizozalishwa, na fidia uiweke kwenye mstari wake wa peke yake bila kuitoa katika jumla hiyo.