Kufufua kiwanja cha viwanda vya zamani kando ya mto: anza na maji

Mhandisi anayekabidhiwa kiwanja cha kiwanda kilichofungwa ukingoni mwa mto husukumwa aanze kubomoa, kwa sababu ubomoaji huonekana haraka na humridhisha mwenye mradi. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kugusa chochote, ufahamu maji yanaingia wapi, yanatokea wapi na yanabeba nini.

Hatua ya 1: Historia ya kiwanja. Tafuta ramani za zamani na michoro ya kiwanda, kisha weka alama mahali palipokuwa na matangi, mitaro na mashimo ya taka. Kazi iliyofanyika hapo itakuonyesha sumu ya kutafuta: kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe huacha lami, fenoli na saiyanidi, kiwanda cha ngozi huacha kromiamu, na mahali palipotiwa mbao dawa huweza kuwa na arseniki na kreosoti.

Hatua ya 2: Visima vya uchunguzi. Hapa nakusihi usiharakishe. Kipimo kimoja cha kina cha maji hakikuambii lolote la maana, hasa mto unapofikiwa na maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Weka vifaa vinavyorekodi vyenyewe, kimoja kisimani na kingine mtoni, viandike kina kila robo saa, na uviache hadi bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo) yote yapite. Kisha linganisha michirizi miwili ya grafu. Ikiwa maji ya kisimani yanapanda na kushuka yakiufuata mto, hata kama ni kwa kuchelewa kidogo, kuna mawasiliano kati yao, na kilichoyeyuka udongoni kina njia ya kufika mtoni kila maji yanapokupwa. Chukua sampuli za juu na za chini ya kisima, kwa kuwa dizeli huelea ilhali lami ya makaa ya mawe huzama hadi kwenye tabaka la mfinyanzi, ikatulia pale ambapo sampuli ya juu pekee haiwezi kuigundua.

Hatua ya 3: Ukuta wa mto. Pima unene wa mabamba ya chuma kwa mawimbi ya sauti, na katika maji ya chumvi uanzie juu kidogo ya kimo cha chini kabisa cha maji, ambako kutu kali hupenda kujificha. Tafuta pia vyuma vya kushikilia ukuta vilivyozikwa nyuma yake, maana mchimbaji akivikata, ukuta huweza kuinamia mtoni. Mto ukishuka ghafla, maji yaliyobaki nyuma ya ukuta huusukuma kwa nguvu, kwa hiyo hakikisha matundu ya kuyatoa hayajaziba.

Hatua ya 4: Usafishaji. Kubeba udongo wote kwenda dampo ni kuwahamishia wengine tatizo, na mimi hulichukulia kuwa suluhisho la mwisho. Kuosha udongo hufaa penye mchanga na kokoto, kwa sababu sumu nyingi hung'ang'ania chembe ndogo ambazo hutenganishwa, lakini penye mfinyanzi mwingi njia hiyo haifui dafu. Hapo fikiria kuufunga kwa saruji. Katika bustani ya Olimpiki ya mwaka 2012 jijini London, kando ya mto Lea, sehemu kubwa ya udongo ilisafishwa papo hapo na kutumiwa tena.

Hatua ya 5: Misingi. Nguzo za msingi zinazotoboa mfinyanzi zinaweza kuifungulia sumu njia ya kufikia maji safi yaliyo chini, hivyo aina ya nguzo ichaguliwe baada ya kuyajua matabaka. Pima methani pia, kwani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 huweza kulipuka ikipata cheche. Panapohitajika, weka utando wa kuizuia na nafasi ya hewa chini ya sakafu.

Hatua ya 6: Mafuriko na ufuatiliaji. Kuinua kiwanja kwa kifusi huwanyima majirani nafasi ambayo maji ya mafuriko yalikuwa yakitandaa, kwa hiyo fidia ujazo huo kwa kushusha ukingo mahali pengine. Usiyaelekeze maji ya mvua yazame kwenye udongo uliobaki na sumu. Visima vya uchunguzi navyo vionyeshwe kwenye michoro ya mwisho na viwekewe mifuniko inayofunguka, ili mkandarasi wa barabara asivifunike kwa lami kabla ya vipimo vya miaka inayofuata kuchukuliwa.