SOMO: Jinsi ya kusaka miti mikongwe ya Dar na kuipiga picha ikaeleweka

Kuna watu wananiuliza hizi picha za mibuyu nazitoa wapi, wanadhani nasafiri mpaka Dodoma, kumbe nyingi nimepiga nikitoka kazini na simu tu. Leo naweka utaratibu wote, atakayekwama aulize chini.

Hatua ya 1: msikilize konda

Usianze na Google, anza na majina ya vituo. Hili jiji wazee waliliita kwa miti: Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni, Mnazi Mmoja, Mwembeyanga kule Temeke, Mivinjeni kule Kurasini, hata Mikocheni ni mikoche ile jamii ya minazi ya porini, watu wanakaa huko miaka ishirini hawajawahi kujiuliza. Mimi nilichukua daftari nikaandika kila kituo chenye jina la mti, nikapata karatasi nzima. Sasa usiende na matumaini makubwa, ukishuka na mwendokasi pale Mkwajuni utakutana na lami na zege, mara nyingi jina linabaki mti unaondoka. Ila penye jina la mti mmoja mara nyingi wenzake wapo mitaa ya nyuma, kwenye ua wa msikiti, shuleni, makaburini. Makaburi ndio yanatunza miti kuliko sehemu yoyote, nani atathubutu kupeleka shoka kule.

Hatua ya 2: shikamoo kwanza, simu baadaye

Hapa ndipo vijana wengi wanaharibu. Unafika mtaani unatoa kamera unaanza kupiga, watu wanakuona dalali wa viwanja au mtu wa bomoabomoa. Nenda kwenye bao au kwa muuza kahawa, amkia wazee, agiza kikombe, kaa. Na usiulize "mti mkongwe uko wapi", watakuonyesha wowote mkubwa. Uliza "mzee, zamani hapa mlikuwa mnacheza kivuli cha mti gani?" Hapo utapewa mti, mwenye kiwanja, na kesi ya mpaka juu yake.

Hatua ya 3: pima

Nunua futi ya fundi cherehani, kama mti ni mnene beba kamba ya katani halafu kamba ndio uipime. Pima mzunguko wa shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, ni kama kifuani kwa mtu mzima. Gawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Mbuyu utahitaji mwenzako wa kushika ncha ya pili, na mkianza kuuzunguka watu watacheka, waambieni huku kuzunguka mbuyu ni kwa futi sio kule kwa bahasha.

Hatua ya 4: msimu na saa

Mbuyu piga kiangazi, kuanzia kama Julai mpaka Oktoba, majani yamepukutika na matawi yanaonekana kama mizizi iliyoelekea juu. Mkrismasi subiri Novemba na Desemba ukiwa mwekundu wote. Mwembe hauna msimu, upige tu. Saa nzuri ni kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Saa sita mchana jua la Dar linalala juu ya kichwa, chini ya mti kunakuwa kweusi na anga jeupe, hata kamera ya milioni tatu haikuokoi.

Hatua ya 5: picha yenyewe

Kosa la kila mtu: anasogea mpaka shinani anainua simu juu, mti unatoka miguu minene kichwa kama karanga. Rudi nyuma, hatua hamsini kama uwanja upo, halafu zuumu mara mbili. Gusa skrini kwenye gome, shusha mwanga kidogo. Weka mtu kwenye fremu ili ukubwa uonekane, muuza madafu akikubali ndio raha kabisa, ila muombe na umnunulie dafu. Piga mti mzima, shina, gome, jani, tunda. Na angalia nyuma ya mti kuna nini! Mimi nilishafutishwa picha zote na mlinzi wa geti fulani kwa sababu nyuma ya mwembe wangu kulikuwa na ukuta wa ofisi ambayo sikuiona hata kidogo. Karibu na kambi, bandari au Ikulu weka simu mfukoni.

Wanaoanza nendeni Bustani ya Mimea pale mjini karibu na Makumbusho, ilianzishwa na Wajerumani 1893 kujaribia mimea, inajulikana kwa mnazi wa Shelisheli wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Wakishaiva waende Kunduchi kwenye magofu, kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kaure za Kichina, na mibuyu imekaa katikati yake. Ulizia kibali, na msiende mmoja mmoja.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu, umri wa mti nitaujuaje bila kuukata?
Jibu: Kwa mbuyu hata ukikata utahangaika, mara nyingi una uwazi ndani na unene wake unapanda na kushuka kwa maji. Mwenye kukwambia "huu miaka 500" muulize kapimia nini. Tumia picha za zamani na kumbukumbu za wazee. Mji wenyewe Sultani Majid kauanzisha miaka ya 1860, kwa hiyo mbuyu mnene unaweza kuwa mwenyeji kuliko sisi wote.

Dada wa Kigamboni: Mbuyu wa kwetu una vitambaa vyekundu na chupa za marashi, wanasema una wenyewe. Nipige?
Jibu: Dada, usiguse kitu, usisogeze kitambaa ili picha ipendeze. Uliza anayeutunza, akikataa piga kwa mbali au acha. Mimi majini siyajui ila heshima naijua.

Kijana wa Sinza: Droni je?
Jibu: Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza. Bila hicho panda ghorofa la rafiki yako.

Mdau wa Tegeta: Maua ya mbuyu sijawahi kuyaona, yapo kweli?
Jibu: Yapo, meupe, yanafunguka jioni, usiku popo wanakuja kunywa, kesho yake yanaanza kuanguka. Nenda magharibi na tochi.

Mama wa Mbagala: Mwanangu, mwembe wetu wa shuleni umechorwa X nyekundu, barabara inapita. Nina simu ya laki na nusu tu.
Jibu: Shikamoo mama. Inatosha kabisa. Usingoje mwanga mzuri, piga leo pande zote nne, pima, na uwapange wale wanaouzia vitumbua chini yake. Jumamosi asubuhi nakuja na kamba, nitajie kituo cha kushuka.