Jinsi ya kuomba kibali cha maadili kwa utafiti wa afya ya jamii

Maombi yangu yalirudishwa mara mbili, na miezi minne ikapita kabla sijagusa dodoso. Nilitaka kujua kwa nini wagonjwa wengine hawafiki kituo cha afya. Msimamizi alishalipitisha andiko la utafiti na hesabu za sampuli hazikuwa na kasoro. Kilichonikwamisha mara ya kwanza ni swali moja la kamati ya maadili: msaidizi wako akikuta mtoto anahema kwa shida, na mama ndiyo kwanza amesema hana fedha za matibabu, atafanya nini? Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Kwa hiyo anzia hapo, kabla ya kujaza fomu yoyote. Anayechunguza kukosa huduma atakutana na waliokosa huduma, tena siku hiyo hiyo. Andika ni dalili zipi zitamfanya msaidizi asimamishe mahojiano, mgonjwa atapelekwa kituo gani, nani atampokea, na nauli itatoka fungu gani la bajeti. Nenda ukazungumze na kituo mapema, wakupe barua, uiambatishe. Usiahidi matibabu usiyoweza kuyagharamia, maana kamati itauliza fedha ziko wapi.

Nilikasirika wakati ule. Baadaye nikarudi kusoma habari za Tuskegee, Marekani, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 watafiti waliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Nikaielewa kamati. Daftari lililojaa majibu ya wagonjwa walioachwa walivyokutwa ni deni zito.

Maombi yaliporudi mara ya pili, tatizo lilikuwa fomu ya ridhaa. Niliitafsiri mwenyewe usiku, na ikatoka na sentensi kama “mshiriki anaweza kujitoa pasipo kuathiri stahiki zake”. Ukimsomea hivyo mtu aliyetoka kazini, ataitikia tu ili umwache. Andika: “Ukikataa, au ukiamua kuacha katikati, utaendelea kutibiwa kama kawaida.” Sentensi hiyo isikosekane, kwa sababu wengi watadhani umetumwa na hospitali. Kisha mpe mtu mwingine, asiyeijua fomu ya awali, airudishe katika lugha ilikotafsiriwa. Mnapotofautiana ndipo penye kosa. Isome kwa sauti mbele ya watu wasio wa chuo, uwaombe wakueleze walichosikia.

Kwa asiyejua kusoma, weka nafasi ya dole gumba na ya shahidi asiye wa timu yako. Kwa mtoto, pata ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anakubali. Eleza pia mahojiano yatafanyika wapi. Mke akiulizwa mbele ya mume ni nani huamua aende hospitali, jibu utakalopata ni la mume.

Sampuli nitaipitia haraka. Ile idadi ya watu 384 inayonakiliwa kila mahali inafaa kwa uteuzi nasibu (wa bahati nasibu) wa mtu mmoja mmoja, ukikadiria asilimia 50 kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5 na kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ukichagua kaya kwa makundi ya mitaa au vijiji, lazima uiongeze, kwa sababu majirani hufanana. Ukizidisha kwa 2 ni 768, na ukitarajia asilimia 10 wasijibu, unahitaji 854. Onyesha hesabu yako, usiandike jibu pekee.

Kabla ya kuwasilisha, kila waraka uwe na namba ya toleo na tarehe, na dodoso lilingane na andiko. Mimi niliandika wanawake wa miaka 15 hadi 49, dodoso likasema 18. Uliza mapema pia kuhusu ruhusa ya mamlaka za eneo na ya vituo ambavyo kumbukumbu zake utazipekua. Kibali cha maadili hakikufungulii milango hiyo, na barua hizo zinaweza kushughulikiwa sambamba.

Usimhoji mtu yeyote kabla kibali hakijatoka. Kamati haihalalishi data iliyokwisha kukusanywa. Ukiongeza swali baadaye, hata moja, omba marekebisho kwanza. Na soma tarehe ya mwisho kwenye barua siku unayoipokea: mara nyingi kibali ni cha mwaka mmoja, na maombi ya kukihuisha yanatakiwa kufika kabla hakijaisha.