Kupima buu wa kaa anapenda kutua wapi, ukiwa Dodoma

Mdogo wangu anasoma chuo hapa Dodoma na mradi wake ni wa kaa. Ndiyo, kaa, huku kwetu kwenye zabibu. Naandika kabla sijasahau tulivyofanya.

Hatua ya 1: Pata megalopa, buu wa hatua ya mwisho kabla hajawa kaa. Ana magando tayari ila mkia bado umenyooka. Zoea, yaani buu wa hatua za mwanzo, waache, hao bado wanaelea tu. Wetu walinaswa Bagamoyo usiku kwa taa na wavu wa macho madogo, wakaja na basi ndani ya dumu lenye pampu ya betri.

Hatua ya 2: Beseni moja, vibakuli vitatu: mchanga, tope, nyasi bahari za bandia. Wengine hununua mapambo ya tangi la samaki. Mimi nafumua kiroba. Funga nyuzi kwenye kokoto. Zinaelea, kwa hiyo zitasimama zenyewe. Kiroba cha alizeti kioshe mpaka mafuta yaishe. Nyuzi hazina harufu ya nyasi, na buu hufuata harufu pia, hivyo hapa unapima umbo tu.

Hatua ya 3: Hewa yetu kavu inakausha beseni na chumvi inabaki. Chora mstari maji yalipofika, yakishuka ongeza ya mvua, siyo ya bahari.

Hatua ya 4: Kuhesabu. Hapa tulipoteza siku mbili. Tuliweka buu 30 jioni. Asubuhi wengi walikuwa kwenye nyuzi, dogo akashangilia. Nikamuuliza, wengine wako wapi? Mchangani tukaokota vipande vya magando. Waliojivua gamba usiku wakawa kaa wadogo waliwala wenzao, na mchangani hakuna pa kujificha. Tulikuwa tumehesabu waliopona, siyo waliochagua.

Kwa hiyo weka buu mmoja kwa kila beseni, rudia mara nyingi. Andaa na mabeseni ya mchanga mtupu uone wanaokufa bila kuliwa. Hesabu baada ya saa chache, gizani, kwa taa nyekundu. Ukichelewa unapima mnyama mwingine: kwa kaa wa mikoko (Scylla serrata), jaribio la Australia lilikuta megalopa habagui nyasi, tope wala mchanga, ila kaa mdogo anakimbilia nyasi. Kaa wa Ulaya (Carcinus maenas), yeye megalopa wake anachagua mapema, na mchanga mtupu anaukwepa.

Hatua ya 5: Andika kwa penseli. Wino na maji ya chumvi haviivi chungu kimoja.