Taa ya injini kwenye gari la zamani: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kuihesabu

Kompyuta ya gari la zamani hutaja kosa kwa namba, na namba hiyo unaisoma kwa kuhesabu pepeso za taa ya injini. Kwanza hakikisha gari lako lina kompyuta. Usicheke. Nimemwona mtu mzima na Peugeot 504 yake ya kabureta akilipishwa pesa za daignosisi, yaani kuisoma kompyuta ya gari. Kabureta haina namba za kusoma, ina jeti za kusafisha.

Kama ni la EFI, yaani mafuta yanapulizwa kwa amri ya kompyuta, sahau kile kidude cha kusomea makosa kwenye simu. Soketi yake ya pini 16 Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia 1996. Toyota za Japani za kabla ya hapo nyingi zinasema kwa kupepesa taa, na hata baadhi ya zilizofuata zina soketi ile lakini mashine ya kawaida haielewani nazo. Mimi nazungumzia Toyota kwa sababu ndiyo niliyohangaika nayo, Mark II GX81. Nissan na BMW za zamani zina njia zao, kwa hivyo tafuta kitabu cha injini yako, si cha injini ya jirani.

Fungua swichi bila kupiga stata, utazame kama taa ya injini inawaka. Isipowaka, usishangilie. Kuna wauzaji wanaochomoa balbu ili usiulize maswali.

Betri iwe na nguvu. Chini ya volti 11 usihangaike. Gia iwe N au P, mguu usiguse mafuta, na AC uizime. Najua ni Mombasa na ni saa saba mchana, izime tu. Ukiiacha utapata namba 51 na utadhani ni ugonjwa, kumbe kompyuta inakwambia AC imewashwa au pedali imekanyagwa.

Tafuta kivuli, au ngoja magharibi. Kwenye jua la hapa ile taa huioni, na ukikosa pepeso moja umesoma namba nyingine.

Kijisanduku kimeandikwa DIAGNOSIS, kiko chini ya boneti, na ramani ya matundu imechapwa ndani ya kifuniko. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imefungwa, kisha uifungue. Usikisie tundu. Humo humo mna +B, tundu lenye umeme wa betri, na ukiigusisha na E1 utaunguza fyuzi, ukiwa na bahati.

Taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika, mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, kisha mara nne, hiyo ni 14. Namba zikiwa nyingi, inaanza ndogo. Rekodi kwa simu, macho hudanganya.

Sasa hili ndilo lililonigharimu. IANDIKE NAMBA KABLA FUNDI HAJAGUSA BETRI.

Gari langu lilikuwa linazima likipata moto. Ukingoja nusu saa linawaka kama halijafanya kitu. Nikalipeleka gereji, na kabla sijafunga mlango fundi keshachomoa waya wa betri. "Tuipumzishe kompyuta, bosi." Akabadilisha plagi na pampu ya mafuta, gari likawaka, nikalipa. Kompyuta ilikuwa imepumzishwa kweli. Kila ilichokumbuka kilikuwa kimefutika, na mimi sikuwa nimesoma hata pepeso moja.

Wiki mbili baadaye niko foleni ya feri upande wa kisiwani, nimesota zaidi ya saa nzima. Nikaingia, nikawa wa mbele kabisa, injini nikazima kama kila mtu. Tukafika Likoni. Nikapiga stata: nyi-nyi-nyi, basi. Nyuma yangu lori la vitunguu, matatu mbili na tuktuk, wote mikono kwenye honi. Kina mama wanaoshuka kwa miguu wananipa pole za kejeli. Vijana wanne wakanisukuma kuupanda ule mteremko kwa bei waliyoitaja tukiwa katikati yake, mahali ambapo huwezi kubishana.

Pale juu sikumruhusu mtu yeyote aguse betri. Nikatia waya, nikajifunika kikoi kichwani kama mpiga picha wa zamani ili niione taa. Moja, nne. 14 kwenye Toyota hizi maana yake kompyuta haipati jibu kutoka kwa ignaita, kifaa kinachoamuru cheche za plagi, na isipolipata inakata mafuta. Kwa hivyo pampu niliyouziwa haikuwa na kosa lolote, wala ile ya kwanza.

Hata hapo ningeweza kukosea tena kwa kukimbilia duka la spea kununua ignaita. Namba inakutajia njia ya umeme: waya, soketi, athi (pale umeme unaporudi kupitia bodi), na kile kifaa chenyewe mwishoni. Haikwambii kipi kati ya hivyo. Fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno, alifungua nati mbili za ignaita akanionyesha pale inapokaa kwenye bodi: kutu tupu, na ndani ya soketi ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi. Akapiga msasa, akakaza, akanidai pesa ya chai. Mwaka wa tatu huu.

Kwa hivyo ukiishi karibu na bahari anza na soketi na athi, ndipo uje kwa vifaa. Mafundi wanaziita namba hizi kodi, yaani "code" ya Kiingereza, na ukizisoma vibaya utazilipia kweli.

Kufuta ni baada ya kutengeneza, si kabla: funga swichi, chomoa fyuzi ya EFI nusu dakika, rudisha, endesha siku mbili tatu, soma tena.

Mengine ni ya kawaida. Kikoi na kanzu mbali na feni. Rejeta yenye moto usiifungue. Watoto wasicheze na ufunguo wakati umeinama humo. Usivute sigara karibu na mipira ya mafuta ya umri huo. Na ule waya utoe ukimaliza; ukiusahau, kompyuta inaweza isisogeze tena taimingi (wakati wa kutoa cheche) inavyotakiwa, utashangaa gari limekuwa zito kupanda Nyali Bridge na utarudi gereji kwa kosa lako mwenyewe.