Kuotesha kaktasi kwa kipande: kidonda kwanza, dawa baadaye

Kaktasi yangu ya kwanza niliiua kwa ujuzi. Nilikuwa nimetoka Naivasha, miaka sita kwenye kitalu cha waridi, kazi yangu ikiwa kuchovya vijiti kwenye unga wa dawa ya mizizi na kuvichomeka penye unyevu, juu kukinyunyizwa maji kutwa. Nikaifanyia kaktasi vivyo hivyo. Siku ya tisa niliivuta ikatoka laini kama ndizi iliyopitiliza, na harufu yake sisemi.

Waridi likikatwa huogopa kukauka. Kaktasi imebeba maji yake mwilini. Adui yake ni kidonda kibichi kukutana na udongo mbichi. Dawa haizuii huo uozo. Kwa kweli kaktasi nyingi huota hata bila dawa, ila ukiipaka dawa, mizizi huja mapema na kwa wingi, na mtu anayeuza vyungu kando ya barabara hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, kama mimi anataka mapema.

Mimi hukata Januari au Februari, mvua ndefu ikiwa bado. Chagua shina lenye afya, urefu wa shibiri hivi. Mpungate, ile kaktasi ya vipande bapa, utenge kwenye kiungo. Yale marefu kama nguzo yakate kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kisha tia alama upande wa juu, maana ukikichomeka kichwa chini utangoja bure. Sasa chonga kingo za chini kidogo, kama unavyochonga penseli. Nyama ya katikati hukauka na kuingia ndani, ngozi hubaki ngumu. Usipochonga, mizizi inayotoka kwenye ule mviringo wa katikati itaning'inia hewani.

Dawa utaipata agroveti. Soma kibandiko: tafuta IBA, ile homoni ya kuotesha mizizi, ya asilimia 0.1 hadi 0.3. Ya 0.8 ni ya miti migumu. Mimina kidogo kwenye karatasi, gusisha kidonda kikiwa bado na majimaji ili unga ushike, kisha kung'uta. Ukirundika, dawa ileile huzuia mizizi. Iliyobaki kwenye karatasi itupe, usiirudishe koponi.

Halafu subiri, na hapa ndipo wengi hushindwa. Simamisha vipande kivulini penye hewa. Mimi huvitia kwenye glasi tupu, kwa sababu kikilazwa wiki nyingi hujipinda. Mpungate mwembamba, wiki moja. Nene kama mkono, wiki mbili hadi tatu, mpaka kigaga kiwe kikavu kama ngozi ya goti. Dada yangu aliyeolewa Kisumu alihesabu siku zangu za Nakuru, kipande kikaota ukungu mweusi. Hewa ya ziwani ina unyevu, na yeye alikuwa amekiweka dirisha la bafuni! Nilimwambia akate upya, akiweke barazani, aongeze siku.

Udongo: sehemu mbili za zile kokoto nyepesi za volkano za huku Menengai, zioshwe vumbi, moja ya mchanga mkubwa, moja ya mboji. Zika sentimita tatu tu na kuegemeza kwa mawe. Wiki mbili za kwanza usitie maji, kisha lowesha kidogo na uache pakauke. Baada ya wiki nne hadi sita kisukume taratibu kwa kidole. Kikigoma, kimeshika.

Mmea ukitoa maziwa ulipokatwa, mara nyingi hiyo si kaktasi bali yuforbia, ndugu wa ile miti mirefu iliyo Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Vaa glavu, na usijiguse macho.

Wateja hunijia pia na kile kikaktasi chenye kichwa chekundu, wakitaka kukiotesha kichwa. Hakioti. Hakina ukijani wa kujipikia chakula, kinakula kwa shina kilichopandikizwa juu yake. Mama mmoja alikuja na chake, kichwa kimeshaoza. Nilikata lile shina la kijani la chini, nikalipaka unga, na sasa lina matawi matatu.